Neno Moja Katika Ripoti ya Japheth

Kila asubuhi, kabla basi la kazini halijafika, Japheth Mwiti alisimama mbele ya friji akisoma maneno. Aliyaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Yalikuwa maneno ya Kiingereza, kumi kwa siku. Aliyapata kwenye simu, yakiwa yamepangwa kwa herufi. A ziliisha, B zikaisha. Sasa alikuwa amefika N.

Mkewe, Gakii, alikuwa akipiga pasi sare yake. Yeye alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika kliniki ndogo. Walipanga chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, mjini Doha, orofa ya pili. Dirisha lao lilitazama ukuta wa jengo jingine. Binti yao, Damaris, walimwacha Nkubu, Kenya, kwa nyanya yake.

"Baba Damaris, yale ya jana bado unayakumbuka?" Gakii aliuliza.

"Mengine."

"Na ya wiki jana?"

Japheth alicheka kidogo. "Nikipata cheo cha usupavaiza hutaniuliza hivyo."

Hilo ndilo lililomfanya asome. Supavaiza lazima aandike ripoti, na ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Japheth aliamini kwamba mwenye maneno makubwa ndiye atakayepandishwa. Basi lilipiga honi, akachukua kofia, akashuka.

Alilinda jengo la ofisi pamoja na Devendra. Devendra alikuwa Mhindi, mtu mzima, mpole. Kwao walizungumza Kihindi, na shuleni alisomeshwa kwa Kihindi. Kiingereza alikianza ukubwani. Yeye na Japheth walielewana kwa Kiingereza chao cha kazini. Devendra alimwita Japheth "bhai", yaani ndugu.

Wakati wa mapumziko Devendra alichukua gazeti la jana kutoka mapokezi. Hakusoma michezo. Alifungua tahariri, ile makala ambayo gazeti hutoa maoni yake. Alipigia mstari maneno machache, kisha akaandika kwenye daftari.

"Matano tu?" Japheth alimwuliza siku moja.

"Matano kwa wiki," Devendra alisema. "Tunasoma na Madam Vimla, Ijumaa jioni. Anakaa karibu na kwenu. Njoo, bhai."

"Mimi najifunza kumi kwa siku. Nije kufanya nini?"

Devendra alitabasamu, akarudi kwenye gazeti lake.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei bomba la maji lilipasuka katika stoo ya chini. Devendra alikuwa mlangoni. Wakati huohuo mama mmoja mgeni alizidiwa na joto akaanguka pale kwenye ngazi. Devendra alimkalisha kivulini na kumpa maji. Kisha akakimbia kufunga koki. Alichelewa dakika tatu hivi. Katoni chache za makaratasi zililowa. Wenye katoni walilalamika sana.

Henry, supavaiza wao kutoka Uganda, alimwita Japheth.

"Wewe ndiye mwenye Kiingereza kikubwa. Andika ripoti. Ofisi inaitaka kabla ya saa kumi na mbili jioni."

Japheth alikaa na kalamu. Alitaka kumtetea mwenzake. Alitaka kusema kwamba Devendra alichelewa, lakini kuchelewa huko kulikuwa kidogo mno. Akakumbuka kwamba kwenye friji kulikuwa na neno la kusema "kidogo mno". Lilianza na N. Lilikuwa refu na zuri. Pale kwenye karatasi yalikuwa mawili yanayofuatana, yamefanana kama pacha: "negligent" na "negligible". Akafikiri kidogo. Akaandika kwamba mlinzi Devendra alikuwa "negligent". Akaisoma sentensi mara mbili, akaona imependeza.

Hakuandika habari za yule mama aliyeanguka. Hakujua aziandikeje.

Zamu ilikuwa imekwisha. Basi lilikuwa nje, dereva akipiga honi. Japheth alimpa Devendra karatasi atie sahihi. Devendra hakuwa amevaa miwani yake.

"Umeandika wewe, bhai. Inatosha," alisema. Akatia sahihi, wakakimbilia basi.

Siku ya nane Devendra aliitwa ofisini. Alirudi mchana na bahasha. Japheth alikuwa kwenye kibanda cha walinzi.

"Kandarasi yangu inaisha mwezi huu," Devendra alisema. "Hawataniongezea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ripoti. Wamesema hata mimi mwenyewe nimekiri." Akatoa nakala, akaweka kidole juu ya mstari. "Bhai, kwa nini uliandika neno hili?"

"Si maana yake ni kidogo mno? Nilisema ulichelewa kidogo mno!"

Devendra alitikisa kichwa.

"Hapana. Kidogo mno ni 'negligible'. Hili maana yake ni mzembe. Mtu anayepuuza kazi yake."

Japheth aliinama juu ya ile nakala, akalisoma neno tena.

"Na mimi nilitia sahihi," Devendra alisema. "Miaka sita nimefundishwa kusoma neno kwa neno. Siku hiyo sikusoma."

Alikunja karatasi, akarudi mlangoni kusimama. Zamu ilikuwa bado.

Kesho yake Japheth alikwenda ofisini. Msimamizi wa wafanyakazi alimsikiliza akiwa anaangalia kompyuta.

"Wewe uliandika. Yeye alitia sahihi," msimamizi alisema. "Kama kuna kosa, lete maelezo kwa maandishi. Lakini fahamu kwamba mlinzi anayeandika ripoti isiyo ya kweli naye ana kesi ya kujibu."

Kwa maandishi. Japheth alirudi nyumbani akakaa mezani. Aliandika mistari miwili, akachana. Akaandika mitatu, akachana. Kila neno la Kiingereza sasa lilimtisha. Alijiuliza lipi kati yao linabeba maana asiyoijua. Tena aliogopa kupoteza kazi. Siku zikapita, kumi, kumi na moja. Devendra akafungasha.

Aliondoka kurudi kwao India Alhamisi asubuhi. Japheth angeweza kuomba ruhusa akamsindikize. Hakuomba. Alituma ujumbe wa pole kwa simu. Ujumbe ulisomwa, lakini haukujibiwa.

Jioni hiyo Gakii alimkuta amekaa bila kuwasha taa. Alikwenda kwenye friji, akabandua ile karatasi, akaiweka mezani.

"Baba Damaris, hujala tangu jana."

"Nimemharibia mtu maisha kwa neno moja."

"Ndiyo," Gakii alisema. Hakujaribu kumfariji kwa uongo. "Umemharibia. Sasa utakaa hapa mpaka lini?"

"Sijui kuandika, Gakii. Nilidhani najua."

"Yule mwalimu ambaye Devendra alikuwa anakwenda kwake, umewahi kumwona?"

"Nitaingiaje mle? Wale ni watu wa Devendra."

"Ndiyo maana uingie."

Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, walikwenda kanisani mtaa wa Mesaimeer kama kawaida. Japheth hakuimba. Jioni Gakii alimsindikiza hadi mlango wa Madam Vimla, mtaa wa pili kutoka kwao, kisha akamwacha abonyeze kengele mwenyewe.

Madam Vimla alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, karani katika ofisi ya meli. Sebuleni walikaa watu saba, wote Wahindi. Walikuwa madereva, walinzi, na msichana mmoja wa dukani. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Alimwonyesha Japheth akae hapo.

"Wewe si mwenzetu wa Kihindi," alisema kwa Kiingereza, polepole. "Haidhuru. Una lugha yako. Maana utaiandika kwa hiyo."

Kila mmoja alikuwa na nakala ya tahariri moja. Ilihusu joto la kiangazi na watu wanaofanya kazi nje. Madam Vimla aliwakataza kushika kamusi.

"Kwanza someni yote. Mwandishi anataka nini?"

"Anataka vivuli viongezwe," alisema dereva mmoja.

"Vizuri. Sasa tumejua habari. Neno gani linatuzuia?"

Msichana wa dukani alisoma sentensi. Ilisema kwamba kivuli na maji ya baridi vinaweza "alleviate" mateso ya wafanyakazi.

"Kivuli kinayafanya nini mateso?" Madam Vimla aliuliza. "Kinayaongeza?"

"Hapana. Kinayapunguza."

"Kinayamaliza kabisa?"

Wakafikiri. "Hapana," Japheth alijikuta amesema. "Mtu bado yuko kwenye joto. Lakini anapata ahueni kidogo."

"Umelipata bila kamusi. Sasa tuhakikishe kwa kamusi." Wakahakikisha. Ilikuwa hivyo. "Kwa Kihindi chetu ni kumpa mtu 'rahat'."

"Kwetu kuna neno raha," Japheth alisema.

"Raha yenu mtu anaipata wapi?"

"Kwenye sherehe. Kwenye matembezi."

"Basi zinafanana sauti tu. Rahat yetu ni ya mtu aliyekuwa na maumivu. Ukiandika raha mahali pa rahat, umepotea." Akawageukia wote. "Maneno yanayofanana yanadanganya. Yawe ya lugha mbili, yawe ya lugha moja. Ndiyo maana sitaki mkariri orodha ya herufi. Orodha inawaweka pacha kitanda kimoja, halafu huwezi kujua yupi ni yupi. Jifunze mmoja leo ndani ya sentensi yake. Umzoee. Mwenzake aje mwezi ujao."

Japheth aliinamisha kichwa.

Waliandika sentensi nzima ya gazeti kwenye madaftari. Chini yake wakaandika maana kwa Kihindi. Japheth akaandika kwa Kiswahili. Kisha kila mtu akatunga sentensi kuhusu maisha yake mwenyewe. Madam Vimla alizipitia moja moja. Aliwaambia wazirudie kesho, na baada ya siku tatu, na Ijumaa ijayo.

"Na neno ambalo hujalikuta mara kadhaa, kwa waandishi tofauti, usiliweke kwenye karatasi ya kazi," alisema. "Tumia dogo unalolijua."

Wenzake walipoondoka, Japheth alibaki. Alitoa nakala ya ile ripoti mfukoni, akampa. Madam Vimla alivaa miwani akasoma. Alipofika kwenye jina, mkono wake ulitulia.

"Devendra alikuwa akikaa kiti hicho," alisema. "Ni wewe uliyeandika hii?"

"Ni mimi, Madam."

Madam Vimla aliiweka karatasi mezani. Nje mtu alikuwa akiegesha gari, akirudi nyuma, akisonga mbele.

"Alikuja kuaga," alisema hatimaye. "Hakunitajia jina lako. Alisema tu kwamba rafiki yake alikosea neno." Akavua miwani. "Nimekasirika. Nataka ujue hivyo. Amepoteza kazi aliyoihitaji, na jana alipofika kwao alinipigia kusema watu wanamwuliza amefanya nini."

"Nimejaribu kuandika barua. Siwezi. Ndiyo nimekuja kujifunza kwanza."

"Ujifunze miezi mingapi? Yeye angoje?" Alivuta kiti mezani. "Barua hii haihitaji neno kubwa hata moja. Tahariri uliyosoma leo ilifanya nini? Ilisema kilichotokea. Ikasema ubaya uko wapi. Ikasema kifanyike nini. Wewe pia utafanya hivyo. Andika kilichotokea."

Aliandika. Madam Vimla hakumpa maneno. Alimwuliza maswali tu. Yule mama alianguka wapi? Nani alimwona? Ulimaanisha nini? Uliandika nini? Japheth aliandika kwamba alitumia neno asilolijua. Aliandika kwamba Devendra alimsaidia mgonjwa, kisha akafunga koki. Aliandika kwamba Devendra alitia sahihi kwa haraka kwa kuwa alimwamini. Mwisho aliomba ripoti isahihishwe na jina la mwenzake lisafishwe.

"Soma kwa sauti," Madam Vimla alisema.

Alisoma. Ilikuwa barua fupi, na hakuna neno ambalo asingeweza kulieleza.

Gakii aliisoma usiku huo kabla hajaikunja.

"Wanaweza kukufukuza," alisema.

"Najua."

"Damaris tutamwambia nini?"

"Tutamwambia kilichotokea."

Gakii alikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akaandika anwani kwa mkono wake mwenyewe.

Henry alipoiona alitikisa kichwa. "Ssebo, bwana wangu, ulikuwa karibu kupandishwa. Nilikuwa nimelipeleka jina lako." Lakini aliipeleka. Hata aliongeza mistari miwili yake, kwamba yule mama mgonjwa alikuja wiki iliyofuata kumtafuta mlinzi aliyemsaidia.

Majibu hayakuja upesi. Wiki ya kwanza ilipita, ya tatu ikapita. Joto la Julai lilipanda hadi vyuma vya mlango havikushikika. Japheth alikwenda kwa Madam Vimla kila Ijumaa. Alichagua maneno matano, akayaweka ndani ya sentensi. Daftari lake lilijaa polepole. Wanafunzi wengine walijua habari yake sasa. Wawili hawakumsalimia hadi mwisho. Hakuwalaumu.

Mwisho wa Agosti aliitwa ofisini. Msimamizi alimkabidhi barua mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo kwake. Cheo hakingekuja mwaka huo. Ya pili ilikuwa nakala ya barua iliyotumwa kwa Devendra. Japheth alisimama pale pale akaisoma. Katikati kulikuwa na neno "inadvertent". Barua ilisema kwamba neno lililotumika kumhusu Devendra lilikuwa kosa la namna hiyo. Japheth hakutoa simu kutafuta maana. Alikuwa amelikuta Juni katika tahariri ya kivuko cha barabara, na tena Julai katika nyingine ya dawa. Ni kosa ambalo mtu hakulikusudia. Chini ya barua kulikuwa na cheti cha utumishi. Kilisema kwamba Devendra alifanya kazi miaka sita kwa uaminifu, na kwamba siku ya ajali aliokoa mgeni.

"Anaweza kurudi?" Japheth aliuliza.

"Nafasi yake imejazwa," msimamizi alisema.

Henry alibadilisha jambo moja katika kituo chao. Tangu siku hiyo ripoti yoyote inasomwa kwa sauti mbele ya kila anayetajwa, ndipo itiwe sahihi. Kama kuna neno ambalo mmoja wao hawezi kulieleza, linatolewa. Mwanzoni walinzi walilalamika kwamba basi linawaacha. Mwezi wa Oktoba mlinzi mpya, Jebet, alisikia ripoti ikisomwa akainua mkono. Ilikuwa imesema kwamba aliacha lango wazi. Hakuwa ameliacha wazi. Kufuli lilikuwa limevunjika. Walirekebisha mstari huo, na Jebet akaendelea na kazi. Kituo cha pili kikaanza kufanya vivyo hivyo.

Devendra alipiga simu Ijumaa moja mwezi wa Novemba. Japheth na Gakii walikuwa wakila. Jina lilipotokea kwenye simu, Japheth aliweka kijiko chini, akatoka nje kwenye ngazi.

"Barua nimeipata," Devendra alisema. "Niliipata muda mrefu. Sikutaka kupiga."

"Naelewa."

"Baba yangu hajui Kiingereza. Nilimtafsiria kwa Kihindi, mstari kwa mstari. Alinitaka nirudie mahali pa yule mama aliyeanguka. Kuna shule hapa inataka mlinzi wa getini. Waliomba cheti. Nimeanza Jumatatu iliyopita. Si kama Doha. Lakini nimeanza."

"Nimefurahi, kaka. Nisamehe."

Upande wa pili alisikika akifunga mlango.

"Nimejaribu," Devendra alisema. "Siku nyingine naweza. Siku nyingine nikiamka nakuwa na hasira tena. Leo nimeweza kupiga."

Japheth alijibanza ukutani, akapangusa uso kwa kiganja.

"Madam Vimla amewapa tahariri gani wiki hii?" Devendra aliuliza.

"Ya maji ya chumvi na visima."

"Unayo hapo?"

Japheth aliifungua kwenye simu ya Gakii, ambaye alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Alikaa kwenye ngazi. Akaanza kusoma aya ya kwanza, polepole, na huko mbali Devendra akasikiliza. Kwenye sentensi ya tatu Devendra alimsimamisha.

"Hapo, bhai. Rudia hapo. Unafikiri neno hilo lina maana gani?"